HIFADHI NA USTAWI NI KAULI MOJA

(Hotuba kwa walimu na watumishi wa umma)



Kauli ya Rais husemwa mara moja, lakini husikilizwa mara nyingi. Husikilizwa kwanza uwanjani, kwa makofi na vigelegele. Husikilizwa tena ofisini, inapogeuzwa kuwa waraka. Husikilizwa mara ya tatu darasani, mwalimu anapoiandika ubaoni. Na mwisho husikilizwa kijijini, pale mtu mwenye jembe, mifugo na watoto wa kulisha anapoambiwa kwamba kuanzia leo hiki kinaruhusiwa na kile kimekatazwa. Mahali hapo pa mwisho ndipo kauli inapopimwa uzito wake.

Mazungumzo haya yanahusu kauli za Mwalimu Julius Kambarage Nyerere juu ya maliasili ya nchi na ustawi wa wananchi. Kauli hizo zimekwisha kunukuliwa katika sherehe nyingi, mpaka baadhi ya watu huzisikia kama wanavyosikia kengele ya shule: wanajua inalia, hawaulizi inasema nini. Yafaa zichunguzwe upya. Jambo linalodaiwa hapa ni moja tu. Mwalimu hakutoa kauli mbili, moja ya kuhifadhi maumbile na nyingine ya kuwaendeleza watu. Alitoa kauli moja. Nchi ilifaulu kila ilipoitekeleza kama kauli moja, na iliumia kila ilipoikata vipande viwili.

ARUSHA, SEPTEMBA 1961

Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, wataalamu kutoka nchi za Afrika na za nje walikutana mjini Arusha kuzungumzia hifadhi ya maumbile katika mataifa mapya ya bara hili. Wageni wengi walikuwa na wasiwasi. Waliamini kwamba Waafrika wakishika madaraka, tembo na faru watakwisha katika muda mfupi. Hawakukumbuka kwamba wawindaji waliovusha shehena za pembe na ngozi kwenda ng'ambo wakati wa ukoloni hawakuwa wakulima wa Tanganyika.

Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu na hajawa Rais, alitoa tamko fupi, lililotiwa saini pia na mawaziri wake Abdallah Fundikira na Tewa Said Tewa. Alieleza kwamba kuendelea kuwapo kwa wanyamapori ni jambo zito kwa Waafrika wote. Kwamba viumbe hao na mapori wanamoishi si kitu cha kustaajabiwa tu, bali ni sehemu ya maliasili, na ni sehemu ya riziki na ustawi wa wananchi katika siku zijazo. Akaahidi kwamba nchi itafanya kila iwezalo ili wajukuu wa watoto waliokuwapo wakati ule nao wairithi mali hiyo. Halafu akawageukia wageni, akawaambia kwamba kazi hiyo inahitaji ujuzi, watu waliofundishwa na fedha, na kwamba mataifa mengine yanao wajibu wa kusaidia, kwa sababu hasara ikitokea haitakuwa ya Afrika peke yake.

Maneno yenye uzito katika tamko hilo ni mawili: riziki na ustawi. Wapo wanaolisoma tamko lile wakaona wanyama tu. Lakini mtu aliyelitoa alikuwa akizungumza habari za watu.

Inakumbukwa pia kauli yake nyingine ya wakati huo, iliyonukuliwa mara nyingi na waandishi wa kigeni: kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu kubwa na wanyama, wala asingependa kutumia likizo yake kuwatazama mamba, hata hivyo aliunga mkono kabisa kwamba wabaki hai, kwa kuwa aliamini kwamba baada ya almasi na katani, wanyamapori ndio wangeiletea Tanganyika pato kubwa kuliko yote. Wapo waliocheka. Lakini kauli hiyo ilikuwa na heshima kubwa ndani yake. Kiongozi yule hakujifanya mpenzi wa mamba ili awafurahishe wafadhili. Alisema kama ambavyo mkulima wa Rufiji angesema, maana mkulima huyo naye hana likizo ya kutazama mamba. Anamjua mamba kwa sababu mkewe anachota maji mtoni. Hata hivyo, mkulima huyo anaweza kukubali kuishi jirani na mnyama wa hatari, ikiwa anaona kwamba mnyama huyo ni mali yake na mali ya watoto wake.

KUMBUKUMBU YA MATUTA

Ili kuelewa ugumu wa tamko lile, hapana budi kukumbuka kwamba neno "hifadhi" halikuwa neno zuri masikioni mwa wananchi wa Tanganyika mwaka 1961. Hifadhi waliyoijua ilikuwa amri. Katika milima ya Uluguru wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, kazi ya sulubu ambayo mara nyingi ilifukua udongo mbaya na kuufukia ule mzuri. Mwaka 1955 waligoma, na katika ghasia zile polisi walimwua mtu mmoja kwa risasi. Katika Usukuma zilitolewa amri za kupunguza ng'ombe. Mwaka 1959 Wamasai waliondolewa katika Serengeti ili eneo lile libaki kuwa hifadhi ya wanyama pekee, wakaelekezwa Ngorongoro.

Chama cha TANU kilipata wanachama wengi vijijini kwa kupinga amri za namna hiyo. Hapo ndipo ulipo ushujaa wa kauli ya 1961. Kiongozi aliyeletwa madarakani na watu waliochoshwa na matuta alisimama akasema kwamba udongo, misitu na wanyama vitalindwa. Ingekuwa rahisi kwake kusema kinyume na kushangiliwa. Lakini alitofautisha mambo mawili ambayo mkoloni aliyachanganya makusudi: lengo na njia. Lengo la kutunza ardhi halikuwa baya. Njia ndiyo iliyokuwa mbaya, kwa sababu mwenye ardhi hakuulizwa, na faida haikuwa yake.

Milima hiyo ya Uluguru ndiyo chanzo cha maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam. Mkulima wa Uluguru akiutunza msitu wake, anamtunzia maji karani wa mjini ambaye hamjui. Je, karani naye anamtunzia nini mkulima? Swali hilo wakoloni hawakuliuliza. Kauli ya 1961 inalazimisha liulizwe.

ARDHI NA WATU

Fikra hizo hazikuzuka ghafla Arusha. Mwaka 1958 Mwalimu alikwisha kuandika kijitabu kilichoitwa *Mali ya Taifa*, akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa. Hoja yake ilikuwa wazi: ardhi haikutengenezwa na mtu, na kwa hiyo hakuna mtu mwenye haki ya kuiuza kana kwamba ameifanyia kazi kuiumba. Haki ya mtu ni kuitumia. Mwaka 1963 sheria iliyageuza mashamba yaliyomilikiwa moja kwa moja, mengi yakiwa mikononi mwa walowezi na makampuni, yakawa ardhi ya kupangishwa na Serikali. Na Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipotaja mambo manne yanayohitajiwa na nchi ili iendelee, yaani watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, fedha haikuwamo katika orodha hiyo. Ardhi ilikuwamo, na ilitajwa mara baada ya watu.

Mpangilio huo una maana. Ikiwa ardhi ni msingi wa maendeleo, basi korongo linalomomonyoka Kondoa ni pigo kwa maendeleo kama vile kiwanda kilichofungwa. Na ikiwa watu wametajwa kwanza, basi huwezi kuilinda ardhi kwa kuwafanya watu kuwa adui zake. Maadui wa Taifa walikwisha kutajwa: ujinga, umaskini na maradhi. Mfugaji na mkulima hawakuwa katika hesabu hiyo.

Matendo yalifuata maneno. Mwaka 1963 kilifunguliwa Chuo cha Mweka, katika miteremko ya Kilimanjaro, kuwafundisha Waafrika kazi ya kusimamia wanyamapori, ili ujuzi usiendelee kuwa wa wageni. Wakati wa Uhuru nchi ilikuwa na Hifadhi za Taifa tatu: Serengeti, Ziwa Manyara, na ile ya Ngurdoto ambayo sasa ni Arusha. Zikaongezwa Mikumi na Ruaha mwaka 1964, Gombe mwaka 1968, Tarangire mwaka 1970, Kilimanjaro mwaka 1973, Katavi mwaka 1974, Rubondo mwaka 1977, na Mahale mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu alistaafu urais. Nchi maskini, yenye shule chache na barabara mbovu, ilikubali kutenga maeneo makubwa ya ardhi yake kwa ajili ya vizazi ambavyo havijazaliwa. Huo si mzaha.

Wala wananchi hawakuyapokea mambo hayo bila kuhoji. Mwaka 1970 ulizuka mjadala mkali magazetini, hasa miongoni mwa vijana wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, juu ya utalii: je, nchi inayojenga ujamaa ijenge mahoteli ya fahari kwa ajili ya matajiri wa Ulaya na Marekani? Je, mwananchi atageuzwa mpishi na mbeba mizigo katika nchi yake mwenyewe? Mjadala huo haukuimaliza hoja, lakini uliiweka mahali pake. Uliuliza mapato yanakwenda wapi. Leo, ambapo utalii umekuwa pamoja na dhahabu miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha za kigeni nchini, swali hilo halijazeeka hata kidogo.

PALIPOKOSEWA

Ndugu walimu na watumishi, kuisifu kauli bila kusema ilipovunjika ni kuidhulumu. Mwalimu mwenyewe alikataa sifa za namna hiyo. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, aliandika taarifa ndefu akaitangaza kwa nchi nzima, akikiri kwamba Tanzania haikuwa imefika kwenye ujamaa wala kujitegemea, na akitaja makosa ya Serikali na ya mashirika ya umma. Rais aliyefanya hivyo alikuwa akiwafundisha wananchi wake wasiogope hesabu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Basi na hesabu ifanywe. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Lengo lilikuwa jema: huwezi kupeleka shule, zahanati na maji kwa nyumba moja moja zilizotawanyika porini. Shule zilijengwa kweli, na watoto wengi waliosoma katika shule zile wameketi leo katika ofisi za nchi hii. Lakini pale ambapo maofisa walikuwa na haraka kuliko wananchi, watu walihamishwa kwa nguvu na vijiji vikapangwa kwa kutazama barabara, si kwa kutazama udongo. Familia mamia zilikusanyika mahali pamoja. Kuni zilizotosha mji mmoja zikatakiwa zitoshe mia. Mashamba ya karibu yakachoka, na yale ya mbali yakaachwa kwa ngedere na nguruwe.

Katika Shinyanga ulikuwapo utaratibu wa kale wa Wasukuma unaoitwa ngitili. Mfugaji, au ukoo, hutenga sehemu ya malisho na kuifunga wakati wa masika, majani yakue na miti ipumzike. Kisha wakati wa kiangazi, njaa ya mifugo inapobisha hodi, ndama na ng'ombe dhaifu huingizwa humo. Watu walipohamishiwa vijijini waliacha ngitili zao nyuma, na kilichoachwa bila mwenyewe kikawa cha kila mtu, maana yake si cha mtu. Tayari mkoa huo ulikuwa umekatwa misitu yake tangu enzi za ukoloni ili kuwaondoa mbung'o, kisha pamba ikachukua mashamba na mifugo ikazidi. Utaratibu wa ngitili ulipolegea, hapakubaki kinga yoyote. Ilipofika mwaka 1986, ngitili zilizojulikana kubaki zilikuwa kama hekta 600 tu katika mkoa mzima.

Lipo pia somo la Kondoa. Mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, ulianza mwaka 1973. Makorongo ya Kondoa yalikuwa yamekula mashamba na njia, na juhudi za kuchimba makinga-maji hazikutosha. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika, lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 1,250. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda walitoka. Majani yakarudi, miti ikarudi, vijito vikatulia. Kwa jicho la mtaalamu wa udongo, yale yalikuwa mafanikio makubwa. Kwa jicho la mama aliyekosa maziwa ya kumpa mtoto, na samadi ya kutia shambani, yalikuwa jambo jingine. Miaka mingi ilipita kabla ya kukubaliwa kwamba ng'ombe wachache wafugwe zizini na kuletewa majani. Ardhi iliponywa. Gharama yake ililipwa na wale waliokuwa na kidogo kuliko wote.

Hiyo ndiyo maana ya kuikata kauli vipande viwili. Katika vijiji vya miaka ya 1970 ustawi ulitafutwa bila hifadhi, na ardhi ikachoka. Katika Kondoa hifadhi ilipatikana bila ustawi, na watu wakachoka. Kila ofisa alitimiza nusu yake ya kauli kwa bidii, akaandika taarifa ya ushindi.

SOMO LA SHINYANGA

Lakini yapo mahali ambapo nusu hizo mbili ziliunganishwa tena, na inafaa yajulikane katika kila darasa nchini.

Mwalimu alipozuru Shinyanga katikati ya miaka ya 1980 alihuzunishwa na ukame wa mkoa ule, ambao watu walikwisha kuuita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Wataalamu wangeweza kufanya kama ilivyozoeleka: kuleta miche ya kigeni, kuigawa, kuwahimiza wananchi waipande, na kuandika idadi ya miche badala ya idadi ya miti iliyopona. Badala yake, baada ya kujaribu mengi, waliwauliza wazee wa vijiji walikuwa wakifanyaje zamani. Wazee wakasema: ngitili.

Basi ngitili zikarudishwa, nyingine za familia, nyingine za shule, nyingine za kijiji kizima. Mabwana misitu walishauri namna ya kuzuia mmomonyoko na aina za miti ya kuongeza, lakini sheria za kuzilinda zilitungwa na wanakijiji wenyewe. Mikutano ya jadi ya Wasukuma, dagashida, iliamua nani atozwe faini na kiasi gani. Sungusungu walilinda. Serikali za vijiji zikaziandika sheria hizo ndogo zikapata nguvu za kisheria. Haikupita miaka ishirini tangu HASHI ilipoanza, ngitili zikawa zimefikia zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Wanakijiji wa Shinyanga, hata hivyo, hawakuifanya kazi hiyo kwa ajili ya tuzo. Waliifanya kwa sababu mwanamke aliyekuwa akitembea nusu siku kutafuta kuni sasa alizipata karibu; kwa sababu nyasi za kuezekea, dawa, asali, uyoga na matunda ya porini vilirudi; kwa sababu ng'ombe walipona kiangazi; na kwa sababu baadhi ya vijiji viliuza mazao ya ngitili vikajenga madarasa na nyumba za walimu. Hapo riziki na ustawi havikuwa maneno katika tamko. Vilikuwa paa la shule.

Na yafaa ikumbukwe: jangwa lilelile lisilosikia amri lilisikia ushauri. Udongo haukuwa tofauti, wala mvua. Kilichobadilika ni nani aliyeulizwa.

DENI LISILOKWISHA

Katiba ya nchi nayo imeichukua kauli hii. Ibara ya 27, iliyotokana na mabadiliko ya mwaka 1984, inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri ya Muungano na mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Wajibu huo hauna cheo. Unamhusu mchoma mkaa wa Kisarawe, na unamhusu mwenye kutia saini vibali vya kuvuna magogo. Lakini sheria iliyo kitabuni hailindi kitu kwa nguvu zake yenyewe. Mwaka 2009 nchi ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Mwaka 2014 walihesabiwa kama 43,000. Katika miaka hiyo mitano Katiba ilikuwapo, sheria zilikuwapo na magari ya doria yalikuwapo. Pembe haziwezi kutoka porini mpaka bandarini kwa miguu yake. Zilipita mbele ya macho ya watu waliokuwa wakilipwa mshahara wa umma, na wengine kati yao walifumba macho. Serikali ilipoamka na kuwafikisha mahakamani hata wafanyabiashara wakubwa wa pembe, mauaji yalipungua. Kwa hiyo mwindaji haramu mwenye gobore si mwanzo wa tatizo, na aghalabu si mwenye faida yake.

Suala la Ngorongoro pia halina budi kutajwa, kwa kuwa kulinyamazia hakulifuti. Eneo lile lilipotengwa mwaka 1959 lilikusudiwa liwe mahali pa watu na wanyama pamoja, na wakati huo wakazi wake walikuwa kama elfu nane. Zaidi ya miaka sitini baadaye walikuwa wamefikia kama laki moja, na mifugo imeongezeka, na watalii wameongezeka, na magari ya watalii yameongezeka. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, ambako Serikali iliwajengea nyumba. Serikali ilisema kwamba uhamaji huo ni wa hiari. Wapo wakazi waliopinga, wakasema huduma zao zilipunguzwa ili wachoke. Atakayelisoma jambo hili kwa nuru ya tamko la 1961 hatauliza tu kama bonde limepona. Atauliza pia kama mtu aliyehama anaishi vizuri kuliko alivyoishi, na kama aliulizwa kwa namna ambayo angeweza kujibu hapana. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayoamua kama kauli ilitekelezwa nzima au nusu.

Na huko Rufiji historia imeweka mtihani wake waziwazi. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous, zaidi ya kilometa za mraba 30,000, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mto huohuo Rufiji umejengewa bwawa la umeme lenye uwezo wa megawati 2,115, nalo limepewa jina lake. Jina moja limewekwa juu ya pori na juu ya mitambo. Wengine wameona kinyume hapo. Lakini mtu aliyetamka kwamba wanyamapori ni riziki ya wananchi hakuwa adui wa taa katika nyumba ya mkulima. Linalodaiwa ni kwamba mkulima wa mpunga na mvuvi wa kamba katika delta ya Rufiji, walioishi kwa mafuriko ya mto huo tangu mababu, wahesabiwe katika hesabu ya umeme kama wanavyohesabiwa wenye viwanda vya mjini.

KAZI YA MWALIMU NA MTUMISHI

Ndugu walimu na watumishi, mwaka 1980 redio ilipotangaza kampeni ya Misitu ni Mali, vikundi vya wananchi vilikusanyika chini ya miti kusikiliza na kujadili. Aliyewaongoza mara nyingi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuna waziri awezaye kufika kila kijiji. Mwalimu yupo kijijini tayari. Kwa hiyo kauli ya Rais hufika kwa wananchi ikiwa na sura ya mtu aliyeibeba. Akiibeba kwa dharau, itakuwa amri. Akiibeba kwa woga, itakuwa uvumi. Akiibeba kwa kuielewa, itakuwa mazungumzo.

Mwalimu wa shule ana kazi ya kuwafundisha watoto zaidi ya kuimba majina ya mbuga. Awapeleke korongoni, wapime kwa hatua jinsi linavyosogea kila masika. Shamba la shule liwe mahali pa kujifunza kutunza udongo, kama ilivyokusudiwa katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, lisiwe mahali pa adhabu kwa waliochelewa. Mtoto aliyechapwa kwa jembe hatakua akiupenda udongo.

Mtumishi wa umma naye anayo kazi. Anapopokea waraka unaosema eneo fulani lihifadhiwe, aandike pembeni swali moja kabla ya kuupeleka mbele: wananchi wa hapo watapata nini, na wamesemaje? Sheria zipo za kumsaidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinavipa vijiji uwezo wa kumiliki na kusimamia misitu yao. Mkutano mkuu wa kijiji si mahali pa kusomea uamuzi uliokwisha kufanywa wilayani. Bwana misitu akienda huko akiwa na kalamu na masikio, kazi yake itakuwa nyepesi kuliko akienda na polisi.

Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba, 1999. Mwaka 1961 aliahidi kwa niaba ya wajukuu wa watoto wa wakati ule. Wajukuu hao hawako mbali tena. Baadhi yao wameketi leo madarasani, na Jumatatu asubuhi watawauliza walimu wao kwa nini mto wa kijijini umekauka. Kwao wao deni lile limeiva, na mdaiwa wa kwanza watakayekutana naye ni mwenye chaki mkononi.